Hujavuka

Mkuu wa shule aliwaambia anakuja Mwingereza.
Wakafagia uwanja, wakapaka chokaa mawe ya njiani,
wakafundishana wimbo wa kukaribisha.
Nikatokea mimi, Mutale Sinkala, nimetoka melini,
begi limekatika zipu,
ngozi kama yao.
Wimbo ulifia kwenye kiitikio.
"Mgeni yuko wapi?" akauliza mtu wa nyuma.
Mwalimu Ntibampema akajikohoza:
"Ndiye huyu. Makofi."

Barua yangu ya kazi inasema msaidizi.
Wa nani, haisemi.
Asubuhi nasaidia kuhesabu chaki:
nzima sita, vipande kumi na kimoja.
Jumatatu nasaidia kubeba redio ya zoezi la kusikiliza,
ambayo betri zake amezifungia mtunza stoo,
na mtunza stoo yuko Kasulu, msibani.
Basi nakuwa redio.
Nasimama mbele ya Kidato cha Pili B, watoto themanini na wawili,
nasoma sentensi mara mbili,
kwanza polepole, kisha kwa kasi ya kawaida,
kama kitabu kinavyoagiza.
Butoyi ananyoosha mkono: "Mwalimu, ongeza sauti."
Pacha wake, Bukuru, anazungusha kitufe hewani.

Lugha ya mama yangu haina r.
Darasa la nne nilichapwa kwa sababu ya mto,
neno dogo tu la Kiingereza,
lilinitoka mdomoni limevaa l.
Juzi mtoto wa dawati la mwisho kalisoma vilevile.
Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi.
Nikamwekea vema.

Jioni, Ujiji, zamu ya kusahihishwa ni yangu.
Bi Salima Kabemba, mwenye nyumba, hana kalamu,
ana mwiko.
"Si *nimeoa*, mwanangu. Wewe utaolewa,
ukiacha kuunguza ugali."
Soko la Mwanga niliomba chupa ya mafuta ya mwezi.
Muuza mawese alicheka hadi akakaa chini.
Tangu siku hiyo ananiita Mama Mwezi
na kunijazia mpaka shingoni mwa chupa.

Mezani kuna migebuka.
Naijua hii. Kwetu Mpulungu ni bukabuka,
na dagaa ni kapenta,
na ziwa ni hilihili, mwisho wake wa kusini.
Samaki kaja bila pasipoti.
Mimi nilipanga foleni siku tatu kwa ajili ya muhuri.

Alhamisi tulikuwa na neno la ng'ambo.
Nikaeleza: ni nchi ya kigeni, mbali na kwenu.
Nikajitolea mfano mimi mwenyewe,
nimetoka ng'ambo, naishi ng'ambo.
Butoyi akakataa.
Akasimama, akaonyesha dirishani,
kule maji yanakoishia kwenye milima ya Kongo,
siku ile ilionekana, ya bluu, kama imechorwa na mtu mvivu.
"Ng'ambo ndiyo ile, mwalimu.
Ni lazima uvuke.
Wewe hujavuka. Umefuata ufuko tu."

Darasa likagawanyika.
Wengine wakasema mpaka ni mpaka.
Bukuru akauliza, je, ukitembea hujachoka,
si utafika kwenu kwa miguu, huku maji yako kulia?
Nikafikiria. Kulia, ndiyo.
Kengele ikalia hatujamaliza,
na ubaoni neno likabaki bila maana mbele yake.
Sikulifuta.

Usiku mama alipiga simu.
Posho haijaingia, sikumwambia.
Akauliza, huko ugenini umezoea?
Mtandao ukawa unakatika, nikasikia tu *huko*,
*huko*,
na nyuma ya sauti yake mtu anakwangua sufuria.
Nikasema kwa Kiswahili bila kukusudia: nipo.
Akanyamaza.
"Umesemaje?"

Kesho nipite dukani kabla ya kipindi cha kwanza.
Betri nne, zile kubwa.